Thamani ya Picha Idanganyayo

Macho ni mashahidi wa mwanadamu, lakini si mahakimu wake. Mgeni aingiaye Singida huona majabali yaliyopandana, moja juu ya jingine, kama yaliyo tayari kuporomoka. Mwenyeji hupita chini yake bila hofu, kwa kuwa yalisimama vivyo hivyo mbele ya babu zake. Jabali ni lile lile; hukumu ni mbili.

Na ifikiriwe familia ya mji huo iliyorithi picha ya Mchana na Usiku, aliyoichonga Maurits Escher wa Uholanzi mwaka 1938. Ndani yake mashamba hupaa yakageuka ndege. Weusi huruka juu ya nchi ya mchana, weupe juu ya nchi ya usiku. Atazamaye weupe, weusi humgeukia kuwa anga. Atazamaye weusi, weupe humpotea.

Warithi ni watatu, na picha haikatwi. Basi lazima ikadiriwe. Escher alipiga chapa kwa mbao alizozichonga, akatia sahihi kwa penseli; baadaye mitambo ilitoa nakala nyingi mno. Chini ya kioo cha kukuzia, nakala ya mtambo huonyesha vitone vidogo vidogo. Chapa ya ubao huonyesha wino mzima. Ile ni pambo la ukuta tu. Hii yaweza kujenga nyumba.

Mrithi mmoja akitambua wino mzima, akanyamaza, akawaambia nduguze wagawane ng'ombe, yeye aachiwe karatasi, je, amewaibia? Atajitetea kwamba hakusema uongo, na kila mtu ana macho yake. Atasema pia kuwa ujuzi wake aliupata kwa jasho.

Jasho lina haki ya ujira, lakini ujira si fungu la mwenziwe. Na utetezi wa macho hukanushwa na picha yenyewe. Picha hudanganya, lakini haifichi hata unyoya mmoja: ndege wote wako mbele ya mtazamaji, naye akivumilia atawaona. Mjuzi anyamazaye huuondoa upande mmoja, kisha huwalaumu wenziwe kwa kutouona.

Mkadiriaji mwema, kwa hiyo, huifuata picha: huweka weupe na weusi mezani, ndipo watu wachague. Picha huuzwa na kununuliwa tena. Udugu ukiuzwa, hauna soko la kuukomboa.