Kumbeba Jirani kabla Hajaanguka

Mwinjili Marko anasimulia habari ya mtu wa Kapernaumu aliyepooza. Watu wanne walimbeba. Walipozuiwa na wingi wa watu, walipanda juu ya nyumba, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yezu. Bwana alitazama imani ya wale wabebaji, akamsamehe mgonjwa dhambi zake, kisha akamponya. Yafaa kila mkatekumeni aifikiri habari hiyo, kwa maana katika Kongo pia wako watu ambao miguu yao imefungwa.

Katika nchi ya Kwango uko ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na hata leo haujakwisha. Mtu, mara nyingi mama au mtoto, hukazwa miguu ghafula, wala hatembei tena kama zamani. Ndipo watu husema: «Amerogwa.» Jirani humtazama jirani kwa jicho baya, na kijiji hupata jeraha la pili.

Lakini konzo haitoki kwa mchawi. Yatoka katika mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha. Mihogo hiyo ina sumu, na kuloweka huiondoa polepole. Mvua ikikosekana, sumu huzidi na chakula kingine hupungua. Mama mwenye njaa nyumbani, au mwenye haraka ya kuuza, huitoa mihogo majini baada ya siku moja badala ya tatu. Nao mwili usiopata maharagwe, samaki wala nyama hukosa nguvu ya kuishinda sumu. Hivyo ubaya hukusanyika juma kwa juma, bila kelele. Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa ya kuifungua miguu haijapatikana, ila kinga ipo.

Mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, walianza kufundishwa njia nyepesi. Unga wa mihogo huchanganywa na maji, hutandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, hukaa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka na kwenda hewani. Kisha unga hupikwa siku ile ile. Kijiji kizima kiliposhika njia hiyo, hakuonekana mgonjwa mpya wakati wa kazi hiyo.

Hapo ndipo amri ya mapendo inapojulikana. Njaa haingoji siku tatu. Basi, mwenye unga ulio tayari ampe jirani kibakuli, ili mihogo ya jirani ipate kukaa majini. Mwenye maharagwe agawe. Huko ndiko kumbeba mtu kabla hajaanguka. Naye aliyekwisha kupatwa asiachwe: mmoja amchongee fimbo, mwingine amlimie shamba, vijana wambebe hadi mafundisho na Misa. Mtu atakaye Ubatizo, naye amemwacha mgonjwa peke yake nyumbani, bado hajashika upande wake wa machela.

Azimio la juma hili: kila mkatekumeni atafute mtaani mwake nyumba iliyopungukiwa na chakula, apeleke msaada wake, tena ampashe katekista habari.