Kamba ya Mita 138

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: yafaa Mwislamu kusadiki kwamba ulimwengu una umri wa miaka milioni 13,800? Na ikiwa ni kweli, mwanadamu ana thamani gani ndani ya umri huo? Swali la kwanza ni jepesi. La pili ndilo zito.

Hesabu kubwa namna hii haishikiki akilini mpaka ionekane kwa macho. Basi na tukunjue kamba ya mita 138, kila mita iwe miaka milioni 100. Ulimwengu waanza ncha ya kule, nasi tumesimama ncha ya huku. Dunia yetu haionekani ila katika mita 45 za mwisho. Wale wanyama wakubwa waitwao dinosaria walitoweka zikisalia sentimita 66. Mifupa ya kale ya watu iliyopatikana Jebel Irhoud, Moroko, ina miaka 300,000 hivi, nayo ni milimita 3. Mawe ya matumbawe tuliyojengea nyumba zetu Mombasa, ambayo zamani yalikuwa hai baharini, yana miaka zaidi ya 100,000: milimita moja na kitu. Ama tangu Hijra mpaka leo, haufiki unene wa unywele.

Hesabu hizi hazikutungwa kwa dhana. Madini ya urani hugeuka risasi kwa mwendo maalumu. Apimaye kilichogeuka hujua muda uliopita. Kwa njia hiyo Clair Patterson alitangaza umri wa dunia mwaka 1956. Wala ilimu hii si ngeni kwetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alilinganisha tarehe za mataifa, na alipoyatazama mawe ya mviringo ya ardhi ya India alihukumu kwamba hapo palikuwa bahari.

Ama azipimaye siku sita za kuumbwa mbingu na ardhi kwa saa ya ukutani, na akumbuke kwamba Qur'ani yenyewe imetaja siku ya miaka elfu, na siku ya miaka elfu hamsini.

Sasa tuje kwenye lile zito. Wako watazamao ncha ya kamba wakasema: mtu si kitu, basi na afanye atakavyo. Hatuukubali mruko huo. Kamba hupima urefu, thamani haipimi. Lailatul Qadri ni usiku mmoja, nao umefadhilishwa juu ya miezi elfu. Lau fadhila ingekuwa urefu, neno hilo lisingekuwa na maana. Tena katika viumbe wote wa dunia hii, aliyeikunjua kamba akauliza ni huyu wa milimita 3. Na akili hiyo ya kuuliza ndiyo inayomtia hisabuni. Tumbawe halitaulizwa lilimdhulumu nani. Aliyekula mali ya yatima miaka mitano hawezi kujitetea kwamba miaka mitano haionekani kwenye kamba. Yatima ameiona yote, usiku kwa usiku.