Nani Alitenda Dhambi?



Nilipofundisha baiolojia kidato cha sita hapa Karagwe, sikuwa na mfano wa DNA. Tulisokota ngazi kwa kamba za migomba na vijiti: A hukaa na T, G na C. (Vijana hushika kamba upesi kuliko ubao.) Nikawaeleza selimundu: herufi moja tu, A, imegeuka T. Mama hubeba nakala moja, baba nyingine, wote wazima. Mtoto akizirithi zote mbili, huugua.

Binti mmoja akalia. Mdogo wake alikufa kwa ugonjwa huo, na mama yao akafukuzwa kwa mumewe akiitwa mchawi.

Someni Yohana 9. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilohilo. Akakataa majibu yote mawili.

Mama yule mnamfahamu. Jumapili hukaa benchi la nyuma, peke yake.