Mtoto Hakabidhiwi kwa Mdomo Tu

Wajukuu zangu mnaoanza maisha, iko siku mtaletewa mtoto. Ataletwa na dada anayekwenda Dar kutafuta kazi, au na binti wa jirani aliyepata mimba akiwa kidato cha pili, nanyi mtaambiwa, "Naomba mnisaidie kumlea." Mpokeeni, kulea mtoto wa mwenzio si jambo geni kwetu. Ila kabla hajalala kwenu usiku wa kwanza, ulizeni: tunalea mpaka lini, na mama atakuja kumwona mara ngapi? Watu huona haya kuuliza, wakidhani ni kukosa utu. Haya hiyo ndiyo inayowafikisha mahakamani mtoto akiwa darasa la kwanza.

Nilikaa baraza la kata muda mrefu. Watu walituletea hata yasiyotuhusu, na ya watoto yalinichosha kuliko ya mipaka ya mashamba. Mlezi anaingia na "kuzaa si kazi, kazi kulea." Mama anajibu, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Wote wamesema kweli, basi nani atamshinda mwenzie kwa methali?

Sheria nayo haikumpa yeyote ushindi wa mezani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kuwa na mama yake, lakini kifungu hicho hicho, cha 125, kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapita njia hiyo hiyo: umuhimu wa kuwa na mama, mwendelezo wa malezi, kutotenganishwa na ndugu zake, maoni yake mwenyewe, na juu ya yote maslahi yake. Mama anayetegemea "damu yangu" peke yake, na mlezi anayetegemea "nimemlisha" peke yake, wote wanaweza kurudi nyumbani vichwa chini.

Ninyi mtakaolea, jueni kuwa malezi ya kambo hupitia kwa afisa ustawi wa jamii, na mtoto hubaki wa mzazi wake. Kuasili huamuliwa na Mahakama Kuu, na hapo ndipo haki za aliyemzaa hukatika. Kukaa naye miaka mitano hakumfanyi awe ameasiliwa. Wapo wanaotafuta njia ya mkato, wakaenda kumwandikisha kwa wasajili wa vizazi, RITA, kana kwamba wamemzaa wao. Huo ni udanganyifu. Siku mama atakapotoa kadi ya kliniki yenye jina lake, hata mema mliyomtendea mtoto yatatiliwa shaka. Wala msimfiche mtoto mwenyewe. Anayejua tangu udogoni kwamba ana mama mwingine Morogoro hababaiki; wa kubabaika ni yule anayeambiwa na watoto wenzake bombani.

Na daftari la gharama, lichaneni. Nilimwona mtu akilisoma mbele ya baraza: maziwa ya kopo, sare, ada, dawa za malaria. Alitaka arudishiwe zote ndipo amtoe mtoto. Mtoto alikuwa kwenye benchi, anasikiliza bei yake. Pale mlezi yule alitupoteza hata sisi tuliokuwa tukimwonea huruma.

Nawe mama, najua hukumtupa. Hata hivyo usije na bodaboda na mgambo kumnyakua mtoto anayekuona mgeni. Nenda ustawi wa jamii, omba siku za kumtembelea, njoo hata kama mkononi una ndizi tu, na ukisema Jumamosi iwe Jumamosi. Alale kwako likizo moja, na nyingine, ndipo mzungumzie kuhama. Na ikifika zamu ya kumwuliza mtoto anataka nini, tokeni nje nyote, mama na walezi, aulizwe na mtu asiyemdai chochote.