Kuguswa na Usichokielewa

Mwaka 1907 Enrico Caruso, mwimbaji wa tenori mzaliwa wa Naples, alisimama mbele ya bomba la kunasia sauti nchini Marekani akaimba wimbo wa Canio, mchekeshaji katika opera ya Pagliacci ya Ruggero Leoncavallo. Canio ametoka kugundua kwamba mkewe ana mwanamume mwingine, na watazamaji wanamsubiri. Hana budi kujipaka unga usoni akawachekeshe. Maikrofoni hazikuwapo. Pumzi ya mwimbaji ndiyo iliyoitikisa sindano ikachora mfuo kwenye nta. Santuri hiyo imewaliza watu wasiojua hata neno moja la Kiitaliano, na hapo ndipo penye swali: mtu anayelizwa na maneno asiyoyaelewa ameelewa kitu, au amelaghaiwa na masikio yake?

Swali hili dini ililiuliza zamani sana. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliungama kwamba kila alipoguswa na sauti kuliko na kile kilichoimbwa alijiona ametenda dhambi. Alimkumbuka hata Athanasio wa Alexandria, aliyetaka zaburi zisomwe kwa sauti iliyokaribia usemi wa kawaida. Lakini pia alikumbuka machozi aliyoyamwaga kanisani mjini Milan alipokuwa mgeni katika imani, akashindwa kuukataa uimbaji. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alianzia kwingine. Alimtazama ngamia aliyelemewa na mizigo anayerefusha hatua akisikia wimbo wa mchungaji wake, na mtoto wa susuni anayetulia kwa sauti nzuri. Wote wawili hawajui maneno. Kwake yeye kuguswa ni maumbile, na hukumu inaangukia kile ambacho sauti inakiamsha moyoni. Naona Ghazali alikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa ngamia peke yake hatoshi kuwa hoja: anayesikia sauti na kurefusha hatua hajathibitisha kwamba ameelewa lolote.

Pingamizi zito zaidi lilitoka Vienna. Mwaka 1854 mhakiki Eduard Hanslick aliutaja wimbo mashuhuri wa mtunzi Gluck, ule wa Orfeo anayemlilia mkewe aliyekufa, akaonyesha kwamba lahani ileile ingefaa vilevile kwa maneno ya furaha ya kumpata. Ikiwa ni hivyo, huzuni tunayodai kuisikia tumeitia wenyewe. Nakubali nusu ya hoja hii. Sauti haituambii kilio ni cha nini. Ila Hanslick alikuwa akipima lahani, na lahani iliyo kwenye karatasi haina koo. Mwimbaji wa tenori, sauti ya tatu ya kwaya zetu, hupanda hadi mpaka wa uwezo wa mwanamume. Waimbaji wa kale walizifikia noti za juu kabisa kwa sauti nyepesi ya kichwani. Mwimbaji wa tenori Gilbert Duprez alipoitoa do ya juu kwa sauti ya kifua mjini Paris mwaka 1837, katika Guillaume Tell ya Rossini, mtunzi mwenyewe hakupendezwa, lakini wasikilizaji hawakukubali tena kurudi nyuma. Baadaye mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza jinsi sauti kama hiyo inavyoupenya mlio wa okestra nzima bila kipaza sauti: mwimbaji hulipanga koo lake hadi nguvu ya sauti ijikusanye kwenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu. Mpiga kelele hachelewi kuchoka na kumezwa na ala. Basi tunachokisikia kwa Caruso ni mzigo mzito uliobebwa kwa mizani, kama mtungi uliojaa maji juu ya kichwa cha anayepanda mlima. Uzito huo hauhitaji mkalimani, kwa kuwa kila msikilizaji ana koo na pumzi, na anajua gharama yake.

Atakayesema kwamba Caruso alikuwa akiigiza tu anasema kweli, na haidhuru. Huzuni ilikuwa ya kuazima. Stahamala iliyoibeba ilikuwa ya mwili wake.

Kwetu pia jambo hili si geni. Taarabu ya majumba ya masultani wa Zanzibar iliimbwa kwa Kiarabu, na ilipendwa pia na watu ambao hawakukijua. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, watu walizipokea kwa shauku kubwa, na sioni ajabu: kuguswa na sauti kulikuwa kumeamsha njaa ya maneno. Hata muumini anayelia anaposikia Kurani ikisomwa, ilhali hajui Kiarabu, hafukuzwi msikitini. Anaambiwa akakae darasani ajifunze tafsiri. Hapo ndipo Augustino angepata jibu lake. Machozi yaliyotangulia maana hayana dhambi, ila yameacha deni.

Caruso alifariki Naples mwaka 1921, miaka minne kabla ya maikrofoni za umeme kuingia katika vyumba vya kurekodia, kwa hiyo sauti yake yote tuliyobakiwa nayo imepita katika bomba kama lile. Wimbo wa Canio hauzidi sana dakika tatu. Usikilize kwanza bila tafsiri, kisha tafuta maneno yake, uyasome polepole, uusikilize tena.