Kupe, Mayai Yake na Suala la Adwa

 

Katika darsa yetu iliyopita, baada ya sala ya Isha, alisimama ndugu mmoja mwenye kufuga ng'ombe wachache pembezoni mwa mji. Akatueleza kuwa ng'ombe wake mmoja aliugua ndigana kisha akapona, na baada ya muda ndama wa jirani yake akaugua maradhi yale yale akafa. Jirani akamlaumu kwa kuwaachia ng'ombe wake, nao wamejaa kupe, walishe pamoja na wengine. Yeye akamjibu kuwa Mtume (S.A.W.) amekanusha adwa, yaani maambukizo, kwa hivyo lawama hiyo haina msingi katika dini. Akanitaka nimthibitishie haki yake mbele ya watu.

Sikumthibitishia. Na kwa kuwa wengi waishika khabari hiyo kwa upande mmoja tu, nimeona ni wajibu niiandike hapa kwa urefu zaidi kuliko nilivyoweza kusema usiku ule.

Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) amekanusha adwa, na hadithi yake ni sahihi. Lakini katika mapokezi ya Abu Huraira, yeye yule Mtume amemkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa ngamia wazima. Atakayeishika ya kwanza akaiacha ya pili, huyo hakufuata hadithi. Amefuata raha yake. Wanazuoni wengi wamekusanya baina ya hizo mbili kwa kusema kuwa lililokanushwa ni itikadi ya Jahiliya, kwamba ugonjwa hujiendea wenyewe kwa nguvu zake bila ya kudra ya Mwenyezi Mungu. Ama kuwa mchanganyiko ni sababu miongoni mwa sababu alizoziumba Yeye, hilo halikukanushwa.

Na yule bedui aliyetaja ngamia wake, jinsi wanavyokuwa wazuri mchangani kama paa mpaka akaja mwenye upele akachanganyika nao, alijibiwa kwa kuulizwa ni nani basi aliyemtia yule wa kwanza. Watu wetu walitumia swali hilo kama kufuli la kufunga mdomo. Mimi naliona ni mlango. Mwenye kuulizwa khabari ya wa kwanza hana budi kupanda ngazi, sababu juu ya sababu, mpaka amfikie Muumba wa sababu zote. Wala hawezi kupanda ngazi asiyotaka hata kuitazama. Basi na tuitazame kwa kiumbe huyu huyu aliyeleta ugomvi, yaani kupe. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amemtaja mbu kuwa mfano, na kupe si duni kuliko mbu.

Chakula cha kupe ni damu, wala hana kingine tangu kutoka yaini mpaka kufa. Na damu, japo ina nguvu nyingi, ina upungufu: vitamini za jamii ya B hazimo kwa kadiri impasayo mnyama asiyekula kitu kingine. Basi aishije? Mwenyezi Mungu amemjaalia bakteria wanaokaa ndani ya mwili wake, wakimtengenezea kile ambacho damu haina. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walitangaza uchunguzi wao juu ya papasi, yule wa nyumba za udongo ambaye wazee wetu wakimjua sana, ajifichaye nyufani mchana akatoka usiku kunyonya waliolala. Ndani ya papasi mna bakteria wa jinsi ya Francisella. Walipowaua bakteria hao kwa dawa, papasi wachanga walidumaa, wasiweze kukua mpaka upevu kama ilivyo ada yao. Walipotiliwa vitamini katika damu, yaani biotini, riboflavini na asidi ya foliki, wakakua. Damu ilikuwa ile ile, na kilichopungua ni mwenziwe tu.

Na mwenzi huyo humfikia kwa njia gani? Njia kubwa ni ya mama. Bakteria hawa hukaa khasa mahali pawili: katika mirija ya kutolea taka, na katika viungo vya mayai vya kupe jike. Yai linapokua, nao huingia ndani yake, hata mtoto akatoka akiwa na akiba yake kabla hajaonja damu ya mtu wala ya mnyama. Kwa dume aghlabu njia hukatika, kwani yeye hurithi wala harithishi.

Mtu asidhani, hata hivyo, kuwa kila kipitacho katika yai ni kheri. Mwaka 1905 matabibu Dutton na Todd walithibitisha katika nchi ya Kongo kuwa papasi ndiye aletaye ile homa ya kurudi-rudi, na Dutton mwenyewe akafa kwa homa hiyo mwaka ule ule, mjini Kasongo. Mwaka huo pia Robert Koch, akiwa Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani, aliwachunguza papasi wa vibanda vya njia za misafara, akaviona vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai yao. Ndiyo maana nyumba yaweza kukaa bila mgonjwa muda mrefu, na anayehamia akaumwa. Yai moja, basi, laweza kubeba rafiki wa papasi na adui wa mwanadamu pamoja.

Sasa turudi kwenye swali la wa kwanza. Lau bakteria wenza wangepita kwa mama tu, basi shajara ya nasaba ya kupe na shajara ya nasaba ya bakteria zingelingana tawi kwa tawi, kama nyumba mbili zilizooleana tangu babu wa kwanza zisichanganyike na wengine. Wataalamu wameziweka shajara hizo bega kwa bega, na hazikulingana. Kupe walio ndugu wa karibu huonekana na bakteria wa jinsi mbalimbali, huyu ana Coxiella na huyu ana Francisella. Na kupe walio mbali kwa nasaba huonekana na bakteria walio karibu. Kwa hivyo hapana shaka kuwa mara nyingi katika zamani zilizopita bakteria wametoka ukoo huu wa kupe wakaingia ule, na mgeni akachukua mahali pa mwenyeji. Njia moja inayofikiriwa ni ya kupe wawili kunyonya karibu-karibu katika ngozi moja, kimwagwacho na huyu kikavutwa na yule.

Hapa pia pana la kutufunza tusikimbilie kuhukumu. Huko Ulaya walionekana ndani ya kupe bakteria waitwao Wolbachia, wakadhaniwa kuwa ni wa kupe. Baadaye, kwa tafiti zilizotangazwa hata mwaka 2012, ikadhihirika kuwa ni wa nyigu mdogo sana atagaye mayai yake ndani ya kupe. (Nyigu wa jinsi hiyo walipata kuachiwa hapa Kenya katika jaribio la kupunguza kupe, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1997.) Yaani mgeni alikuwa amebebwa na mgeni mwingine, na mwenye nyumba akasingiziwa.

La ajabu kuliko yote ni asili yao. Yule Francisella wa papasi, alipochunguzwa hati ya maumbile yake, ilionekana kuwa ametokana na babu aliyekuwa mletaji maradhi; zile silaha za kudhuru zimeharibika, na ule ustadi wa kutengeneza vitamini umebaki. Na kinyume chake kimetokea pia: kijidudu cha homa ya Q, kiwaumizacho watu na mifugo, kimeonekana katika utafiti wa mwaka 2015 kuwa ni mzao wa bakteria wenza wa kupe. Adui amekuwa mtumishi, na mtumishi amekuwa adui. Kama wangekuwa wakijiendea kwa tabia zao wenyewe, kama walivyodai watu wa Jahiliya, tabia hizo zisingegeuzwa.

Ama ndigana ya ndugu yetu, hiyo ina njia nyingine kabisa, na hapa ndipo hoja yake ilipoanguka. Mletaji wake si bakteria, ni kijidudu kiitwacho Theileria, nacho hakipiti katika yai. Kupe wake, yule apendaye masikio ya ng'ombe, huzaliwa na wenza wake wamfaao, lakini hazaliwi na ndigana. Huipata anaponyonya ng'ombe mwenye kijidudu hicho, akiwa bado mchanga. Kisha huanguka majanini, akajibadili ngozi, akapanda ng'ombe mwingine, na huyo ndiye aambukizwaye. Na ng'ombe aliyepona ndigana aweza kubaki amekibeba kijidudu hicho damuni akaonekana mzima.

Basi nikamwambia: kupe hakuitoa ndigana kwa mama yake, ameitoa kwa ng'ombe. Na ikiwa katika malisho yenu hapakuwa na mwingine aliyeugua isipokuwa ng'ombe wako, wewe wajua pa kuanzia kuuliza. Waogeshe dawa ya kupe kama mabwana mifugo wanavyoelekeza, usikose siku zake, wala usiwachanganye na wa wenzako mpaka wametakata. Kufanya hivyo hakupunguzi tawakkul hata chembe. Kuacha ndiko kunakoingia katika katazo lile la ngamia wagonjwa na wazima.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama analazimika kumlipa jirani thamani ya ndama. Suala hilo ni la mlango wa dhamana, na lataka tumsikilize na jirani mwenyewe, ambaye hakuwapo. Ameahidi kumleta katika darsa ya Alkhamisi, inshaallah.