Hewa ya Kupangishwa

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi iliyomwezesha mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Aliyepata mkataba wa namna hiyo Kericho, nchini Kenya, mwaka 1925 alikuwa amejiwekea ardhi hadi mwaka 2924. Tulitafakari jambo hilo bila haraka. Aliyetoa hati alikuwa binadamu wa kufa, na aliyeipokea vilevile, lakini wote wawili waliviamulia vizazi zaidi ya thelathini nani atakuwa mwenye shamba na nani atapita kando ya ua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikata muda huo. Asiye raia hawezi tena kukodi ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na mikataba iliyozidi hapo ikahesabiwa kuwa ya miaka 99. Hata hivyo wazo lenyewe halijafa, limehamia angani. Elon Musk alianzisha kampuni ya SpaceX mwaka 2002 akiwa na azma ya kuwafikisha binadamu Mirihi, na amekuwa akizungumzia mji wa watu milioni moja huko. Masharti ya huduma ya intaneti ya Starlink, yaliyotolewa mwaka 2020, yalikuwa na kifungu cha kumfanya mteja akubali kwamba Mirihi ni sayari huru, na kwamba hakuna serikali ya duniani yenye mamlaka juu ya shughuli za huko. Mteja aliyetaka tu kuunganishwa na mtandao alikuwa anakubali katiba ya nchi ambayo haijapata mkazi hata mmoja. Kwa mtu anayejua historia ya Kericho na jirani yake Bomet, tabia hiyo ya kuwatangulia watu kwa karatasi ni ya zamani sana.

Watetezi wa safari hizo wana jibu moja zito, nalo ni kwamba Mirihi haina mwenyewe. Hakuna boma litakalochomwa, hakuna kaburi la babu litakalolimwa juu yake. Nalikubali jibu hilo kwa dhati, kwa sababu najua uzito wa kinachokosekana huko. Vilima vya Kericho vilikuwa na watu. Wakipsigis walilisha ng'ombe hapo, wakalima wimbi, wakazika wazee wao. Ilipofika mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho walioitwa orkoik, kwa kuwa utawala uliogopa ushawishi wao. Takriban watu 700 walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye joto, malaria na mbung'o, wakakaa huko hadi miaka ya 1960 ilipoanza. Malalamiko yao na ya Wakipsigis wengine yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022, karibu miaka tisini baadaye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akafukuzwa. Kama kuna mahali ambapo binadamu anaweza kuhamia bila kumfukuza yeyote, ni kheri kubwa, na sitaki kuidharau.

Lakini dhuluma ya Kericho haikuwa moja. Kuporwa ardhi kulikuwa sehemu ya kwanza tu.

Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani. Walikuja kulima kitani. Karatasini mpango ulipendeza: bei ilikuwa juu, mvua ipo, udongo una rutuba, na waliohurumiwa walistahili kuhurumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukavunjika. Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha. Ardhi haikurudi kwa waliopokonywa. Ilikuwa imeshaandikwa kuwa ya mradi, ikabaki ya mradi hata baada ya mradi kufa, ikaishia mikononi mwa James Finlay, kampuni ya Glasgow. Brooke Bond, kampuni nyingine ya chai, nayo ilikuwa imefika, na miaka ile ile vilima vikaanza kuvikwa chai, mmea uliotoka Asia, mti ambao ukiachwa hupanda mita nyingi lakini hapa hukatwa usizidi kiuno cha mchumaji. Sababu ya kutwaa nchi ilikufa mapema, utwaaji ukadumu.

Nayasema haya kwa kuwa sheria ya anga imeanza kufuata njia hiyo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia Mwezi au sayari nyingine. Mwaka 1976 nchi nane za Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, zilikutana Bogotá zikadai kwamba njia ya setilaiti iliyo juu ya Ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, ni mali yao ya asili. Dai hilo halikukubaliwa, na wengi walilipuuza kama ndoto ya maskini. Mimi naliona kama kauli ya watu waliokwisha kujifunza kwamba kisichoandikwa jina mapema huandikwa jina la mwingine. Mwaka 2015 Marekani ikatunga sheria inayowapa raia wake haki ya kumiliki madini watakayochimba huko juu. Sayari haimilikiwi, ila kinachotolewa ndani yake kinamilikiwa. Mwenye shamba la chai naye hahitaji kuumiliki mlima, mradi majani ni yake.

Sasa nije kwenye dhuluma ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo, na ambayo haihitaji wenyeji wa kufukuzwa.

Mashamba makubwa yalihitaji mikono, na watu wakatoka Kisii, Nyanza na Magharibi kuja kuchuma. Wakapewa nyumba kambini. Nyumba ni ya kampuni, bomba la maji ni la kampuni, zahanati ni ya kampuni, shule ya watoto pia, na barabara ya kutokea hali kadhalika. Sisemi vitu hivi ni vibaya. Akina mama wengi wamejifungulia salama katika zahanati hizo, na watoto wa wachumaji wamesoma katika shule hizo wakawa walimu na wauguzi. Nasema tu kwamba siku kazi inapokwisha, vyote hukwisha pamoja: paa, maji, daktari, dawati la mtoto. Mtu mmoja akishika funguo zote hizo, hahitaji kuwa mkatili ili awe na nguvu ya kutisha. Mpangilio wenyewe unampa.

Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi wao, katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, walivyowadhulumu kingono. Kazi ndiyo iliyotumiwa kuwabana: kubali au upoteze riziki. Mei mwaka huo huo mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu walioona mikono yao haihitajiki tena. Na kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, washambuliaji waliwavamia wafanyakazi katika shamba la chai la kampuni ya Unilever huko huko Kericho, wengi wakilengwa kwa kabila lao. Wako waliouawa na waliobakwa. Waathiriwa 218 walipeleka kesi London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikakataa kesi hiyo iendelee dhidi ya kampuni mama. Mamlaka juu ya maisha yako yanaweza kukaa bara moja, na mahali pa kulalamikia pasiwepo katika bara lolote.

Pamoja na yote hayo, mchumaji wa Kericho ana mlango. Akichoka au akifukuzwa, hubeba mzigo wake hadi barabarani, hupanda matatu kuelekea Nyamira au Sotik, na mwisho wa safari kuna ndugu, kipande cha shamba, mahali pa kuanzia upya. Atakuwa na njaa, atakuwa na aibu ya kurudi mikono mitupu, lakini atapumua. Njia nzima hakuna atakayemtoza kwa pumzi. Uhuru wake, hata ukiwa mdogo namna gani, umesimama juu ya jambo hilo ambalo hakuna anayelitaja kwa sababu halijawahi kukosekana: kuna nchi nje ya kampuni, na hewa yake haina mwenyewe.

Mirihi haina nchi ya nje. Hewa yake ni karibu yote kaboni dioksidi, na mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya wa huku. Oksijeni itabidi itengenezwe kwa mtambo. Chombo cha MOXIE kilichopelekwa na NASA kilithibitisha mwaka 2021 kwamba inawezekana; hadi kilipomaliza majaribio yake mwaka 2023 kilikuwa kimetoa gramu 122. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 800 kwa siku. Huo ni mwanzo wa heshima kwa wahandisi, na siku moja mitambo itakuwa mikubwa. Kila mtambo, hata hivyo, una mwenyewe, una msimamizi wa zamu, una bili. Njia ya kurudi nyumbani hufunguka takriban kila baada ya miezi 26, sayari mbili zinapokaribiana, kwa chombo cha yule yule mwajiri. Mgomo utafanywaje na mtu ambaye mwajiri wake ndiye anayemtengenezea pumzi? Ataandamana kwenda wapi? Nani atamwambia supavaiza wa hewa "hapana"?

Kwa hiyo kukosekana kwa wenyeji, ambako kulionekana kuisafisha Mirihi, kunaiacha dhuluma ya pili ikiwa kali kuliko ilivyopata kuwa popote duniani.

Mtu mzima aliyejitolea kwenda anaweza kusema: nilijua, nikakubali. Sitamzuia. Ujasiri wa namna hiyo ni sehemu ya utu, na mababu wa wengi wetu walihama kwa ujasiri huo huo wakifuata malisho. Swali gumu ni la mwanawe. Mvuto wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya wa hapa duniani, na mifupa na moyo vilivyokua chini ya mvuto huo huenda visiweze kuubeba uzito wa dunia. Mtoto wa kambi ya chai anaweza kukua akaamua kwamba hataki kuona chai tena maishani mwake. Mtoto wa Mirihi, mlango wake utakuwa umefungwa na mwili wake mwenyewe, kwa uamuzi uliofanywa na wazazi wake na kampuni kabla hajatungwa mimba. Mkataba wa miaka 999 ulifunga ardhi. Huu utafunga viungo vya mtu. Na kama ilivyo kwetu tunaoviangalia vilima vya kijani vya Kericho na kuviona ni uzuri wa asili, mtoto huyo ataliona kuba la makazi yake kuwa ndiyo dunia ilivyo, na pengine hatajua cha kudai.

Nani basi apewe haki ya kuanzisha mahali kama hapo? Siamini kwamba jibu ni kukataza. Kericho yenyewe inanizuia nisikate tamaa, maana ng'ambo ya ua wa shamba la kampuni kuna chai nyingine. Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika walizuiwa kuilima. Baadaye wakaruhusiwa, mamlaka ya wakulima wadogo, KTDA, ikaundwa mwaka 1964, na leo mkulima wa Bomet mwenye ekari moja huchuma majani mawili na kichipukizi kama yule wa kambini, huyapeleka kituoni kupimwa, na kiwandani Kapkoros au Mogogosiek ni mwanahisa. Ana manung'uniko mengi ya haki juu ya bonasi na juu ya mameneja. Anayatoa kwa sauti, na jioni hulala katika nyumba ambayo hakuna meneja anayeweza kumtoa. Mmea ni ule ule, mvua ni ile ile, udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni nani mwenye paa.

Ninachowataka wanaoandika sheria za sayari nyingine, na Kenya iliyodai njia ya setilaiti mwaka 1976 inastahili kuwa mezani pao, ni kwamba waanze na mtambo wa hewa kabla ya mgodi. Uwe mali ya wanaoupumua, tangu siku ya kwanza, hata kama kampuni ndiyo iliyoubeba. Nafasi ya kurudi iwe haki isiyokatwa kwenye mshahara. Mkataba wowote wa huko ufe pamoja na kizazi kilichoutia saini, na kizazi kinachofuata kiuandike upya kwa mkono wake. Na mpaka madaktari watakapoweza kusema kwamba mtoto aliyezaliwa huko anaweza kuja kuishi huku akitaka, asizaliwe mtoto huko. Mwekezaji atasema kwa masharti haya hakuna faida. Huenda ni kweli, na ikiwa ni kweli basi tutakuwa tumejua faida hiyo ilikuwa itoke wapi.